Soketi Isiyo na Namba

Siku ya kuniaga, vijana wa hanga, ile karakana ya ndege, waliniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi yetu. Nadhani walitarajia ukurasa mmoja wa shukrani. Nimestaafu kabla ya umri wa kawaida kwa sababu ya masikio. Daktari alisema yaliyobaki niwatunzie wajukuu. Sasa nina muda, na mtu aliyezoea kukagua hawezi kukaa bila kukagua kitu, kwa hiyo nakagua miaka yangu. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mshahara hauwahusu. Nitaeleza nilivyoanza, waliyonifundisha wengine, na asubuhi moja ambayo hata leo sijamaliza kuikagua.

Nilikulia kambini mkoani Kigoma, mtoto wa Warundi waliokimbia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mashine ya kusaga unga, chini ya fundi mmoja aliyeitwa Mzee Bonifasi. Hakuwa na kifaa cha kupimia chochote. Alikuwa na kijiti kikavu. Ncha moja aliiweka kwenye chuma, nyingine akaiingiza sikioni, akafumba macho. "Mashine haifi ghafla," alikuwa akisema. "Inalalamika kwanza. Watu ndio hawasikilizi." Kitabu cha ile injini kilikuwa cha Kiingereza, kimetoka kurasa za katikati. Hicho ndicho kilichonifundisha Kiingereza, ndiyo maana kwa muda mrefu nilijua kusema "legeza boliti ya chini" kabla sijajua kusema "habari za asubuhi."

Spana zilikuwa chache. Seti moja ilihudumia mtaa mzima, ikipita mkono kwa mkono, na mwenyewe hakuwa na haki ya kuikumbushia. Ukipoteza spana ya mtu ulihangaika ukapata nyingine, sokoni au kwa kubadilishana na maharage, ukampelekea. Naye aliipokea bila kuuliza ile ya kwanza iko wapi. Kuuliza kulikuwa ni kutukana. Aliyepoteza jembe hurudisha jembe, na mambo yanaishia hapo. Nawaomba mkikumbuke kipengele hiki, nitakirudia.

Tulipoletwa Marekani tulipangiwa Louisville. Nilianza kwenye ghala la mizigo, nikisukuma maboksi yaendayo kwa watu nisiowajua, huku ndege za mizigo zikipita juu ya paa kila mara. Wenzangu walizilaani kwa kelele. Mimi nilizisikiliza, na baada ya muda nikaweza kuzitofautisha kwa sauti bila kutazama nje. Siku za mapumziko nilikwenda maktaba. Niliazima vitabu vya gia na beringi, nikavisoma na kamusi pembeni, na nilipokwama nilichora mwenyewe mpaka meno ya gia yakapandana kwenye karatasi.

Kutoka ghalani nilihamia karakana moja iliyokuwa ikichonga gia. Huko nilikutana na Baba Furaha. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, Kiswahili chake kikichanganyika na Kifaransa, mrefu, mwenye sauti nzito iliyoongoza besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Tulikaa benchi moja, kazi yetu ikiwa ni kulainisha kingo za meno ya gia kwa tupa ndogo baada ya mashine kuyakata. Ni kazi inayodharauliwa. Yeye hakuidharau.

"Pitisha kidole," aliniambia siku ya kwanza. "Hapana macho. Macho inadanganya. Kidole haina ndugu."

Nilipitisha. Niliona jino laini kabisa, kidole kikahisi kinyuzi cha chuma.

"Umesikia? Hiyo kidogo ikianguka ndani ya mafuta, inakula gia yote. Donc, tunaitoa sasa, na tunakula chakula ya saa sita bila wasiwasi."

Siku moja ziliingia gia za ukubwa ambao hatujauona, moja ikiwa pana kama meza ya kulia ya watu sita. Hatukuambiwa ni za nini. Baadaye tulisikia kwamba kampuni fulani huko Columbus ilikuwa inatengeneza helikopta kubwa ya kubebea mizigo ya jeshi, ya mfano kwanza, na ilitafuta watu wanaozijua gia zile kwa mikono. Ilibidi uwe raia. Baba Furaha alishapata uraia, akatangulia. Mimi nilipofaulu mtihani wa uraia alinisemea kwa wakubwa. Baadaye alinirudia maneno yake kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "njo" ni "ndio": "Huyu anaogopa kila kitu. Juu ya ndege, mtu wa woga njo munamutaka."

Ni sifa ya pekee niliyowahi kupewa ambayo naamini ilikuwa kweli tupu.

Tulihamia kaskazini ya Columbus, upande wa Westerville, nyumba zetu zikiwa karibu kiasi cha kuazimana chumvi. Tulikwenda kazini kwa gari lake. Asubuhi ya kwanza nilipoingia hanga nilisimama mlangoni nikashindwa kuendelea. Niliwahi kuona helikopta kambini, zile nyeupe ndogo za wageni. Hii ilikuwa na tumbo linaloweza kumeza lori. Juu yake kulikuwa na mapanga saba, kila moja refu kuliko nyumba tuliyopanga, yamelegea kwa uzito wake yenyewe hadi ncha zikainama. Ilikuwa bila rangi, waya zikining'inia ubavuni, na ilinuka grisi na gundi. Nikawaza: kitu hiki kinatarajiwa kusimama hewani, na kati ya kusimama na kuanguka kuna nati ambazo mtu kama mimi amezikaza.

Kuhusu muundo wake sitasema mengi. Mengine niliapa kutoyasema, na mengine nimeyasahau, ambayo ni njia salama zaidi ya kutunza siri. Jueni tu kwamba ndege ya mfano ni mlolongo wa matatizo yanayosubiriana. Giaboksi kuu ilichemsha mafuta kwenye jukwaa la majaribio. Ikarekebishwa, ikaanza kuvuja. Kuvuja kukaisha, ukaja mtetemo. Hewa moto ya injini ilizunguka ikarudi kumezwa na injini jirani, na wahandisi wakachora upya bomba ambalo tulishamaliza kulifunga. Hatukulaumu. Sisi tulifungua, tukafunga, tukafungua. Baba Furaha alisema amefunga ile giaboksi mara nyingi kuliko alivyofunga viatu vya watoto wake.

Aliyenifundisha sheria za kazi alikuwa Mmarekani mmoja mzee aliyeitwa Dale, msimamizi wa stoo ya zana, mtu wa maneno machache aliyekunywa kahawa ikiwa imepoa kwa makusudi. Pale stoo kila zana ilikuwa na kitanda chake: sponji nyeusi iliyochongwa umbo la zana yenyewe, ili isipokuwepo shimo lionekane. Kila zana ilichorwa namba kwa sindano ya umeme. Kila mfanyakazi alikuwa na visahani vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua spana, unaacha kisahani kwenye shimo lake. Kabla injini haijawashwa, mashimo yote lazima yajae. Likibaki moja tupu, ndege haiguswi.

Wiki ya kwanza nilimuuliza Dale kwa nini hatutumii akili tu, maana sote ni watu wazima waaminifu. Alinitazama juu ya kikombe.

"Elia," akasema, "helikopta haijui kama wewe ni mtu mwema."

Juu ya hayo kulikuwa na utepe mwekundu, kila mtu na wake mfukoni. Yeyote hangani, hata mfagiaji, aliruhusiwa kuufunga kwenye usukani wa ndege akiwa na shaka. Ukishafungwa, hakuna wa kuufungua isipokuwa aliyeufunga. Nilipenda sheria ile, na niliomba Mungu nisiwahi kuitumia.

Baadaye nilipewa kazi ya kufunga hesabu ya zana kabla ya kila jaribio, na woga wangu ukapata ajira rasmi. Ulinifuata hadi nyumbani. Nilikagua jiko, nikatoka, nikarudi kulikagua tena. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akisimama nyuma yangu na kikapu cha sokoni. "Hilo jiko nalo lina namba?" ananiuliza. "Lipe kisahani twende."

Ndani ya ndege, wakati wa majaribio, waliingia watu watatu: marubani wawili na mhandisi wa vipimo aliyeitwa Carla, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekula chakula cha mchana kwenye meza yetu kwa sababu ya sambusa za Mama Neema. Tulimfundisha neno moja la Kiswahili, naye akalitumia kwa kila kitu. Kabla ya kupanda ngazi alinigeukia na kuuliza, "Safi?" Nami, nikishamaliza hesabu, nilijibu, "Safi." Kisha anapanda. Hakuwahi kutaka kuona karatasi. Lile neno langu ndilo lilikuwa karatasi yake.

Ikafika siku ya kuzungusha mapanga kwa mara ya kwanza. Ndege ilivutwa nje ikafungwa chini kwa minyororo, isije ikanyanyuka bila kuombwa. Walikuja wakubwa wa jeshi na wakubwa wa kampuni, wamevaa makoti mazuri yasiyofaa kwa upepo ule. Kila mtu alikuwa anatabasamu kwa meno yaliyofungwa.

Nilipita stoo kufunga hesabu. Mashimo yote yalikuwa yamejaa. Dale alishakagua upande wake, akaenda nje. Ningeweza kutia sahihi nikatoka. Lakini nina ugonjwa wa kupitisha kidole, niliofundishwa Louisville, na kwenye droo ya soketi kidole kikapita juu ya moja iliyokuwa laini mno. Mnazijua soketi: vile vikombe vya chuma vinavyovaa kichwa cha nati. Hii ilikuwa ndogo, kama pingili ya mwisho ya kidole gumba. Ilikuwa inang'aa. Niliigeuza. Haikuwa na namba.

Nilijua soketi za droo ile zilitumiwa na nani, kwa sababu ndiye aliyefunga fito za usukani juu ya paa la ndege siku iliyotangulia. Nilimkuta Baba Furaha nyuma ya hanga akikunja kebo.

"Baba Furaha. Hii ni ya nani?"

Akatabasamu. "Umeona? Ni nzuri kuipita ile ya zamani. Nilinunua jana jioni nikitoka kazi. Nimeiweka asubuhi, nikachukua kisahani yangu."

"Na ile ya zamani?"

"Ilipotea."

"Ilipotelea wapi?"

"Eh! Baba Neema. Kama ningejua wapi, ingekuwa imepotea?"

Alicheka. Nataka mwelewe kwamba hakuwa anaficha. Usoni mwake hapakuwa na hila hata kidogo. Alikuwa amepoteza jembe la watu, akatoa pesa yake mwenyewe akanunua jembe lingine zuri zaidi, akalirudisha mahali pake kimya kimya bila kumsumbua mtu. Kwetu huyo ni mtu wa heshima. Mimi ningefanya hivyo hivyo kambini, na mama yangu angenisifu. Wamarekani walioketi ofisini baadaye walitafuta neno la kosa lake, wakatumia maneno ya wizi na udanganyifu. Hakuna lililofaa. Alilipa deni, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyekuwa anamdai. Walichotaka kujua ni kitu kimoja tu: ile ya zamani iko wapi.

"Uliitumia wapi mara ya mwisho?" nikamuuliza.

Hapo akaacha kukunja kebo. Alitazama juu ya paa la ndege, kule kwenye mapanga, na nikaona jambo lenyewe likimwingia polepole.

"Hapana," akasema. "Hapana, nilitafuta. Nilitafuta vizuri. Haiko kule."

"Basi tuwaambie."

"Leo? Mbele ya hawa wote?" Akanishika mkono, juu ya kiwiko. "Sikiliza, ndugu yangu. Watanifukuza. Minajua. Wakisikia nimenunua ingine, watasema ni mwizi. Nina watoto sita na mama yangu. Ngoja wazungushe leo, kesho asubuhi mi na weye tunapanda, tunatafuta pole pole. Imefungwa na minyororo, haitaruka. Donc, itamuua nani?"

Nilikuwa najua jibu, na sikutaka kulisikia kwa sauti yangu. Fito zile ndizo zinazoinamisha mapanga. Kipande cha chuma kikibana kati yao, usukani unakwama upande mmoja, na mapanga saba yanayozunguka kwa nguvu zote hayahitaji kuruka ili kuua. Yanaweza kuuvunja mkia, yanaweza kuipindua ndege ndani ya minyororo yake. Pale pale nikasikia nyuma yangu sauti ya Carla, amevaa kofia yake, akielekea ngazini.

"Elia! Safi?"

Baba Furaha alinitazama. Mkono wake bado ulikuwa juu ya kiwiko changu.

Nikautoa mkono wake. Nikatembea, si kukimbia, kwa sababu hangani hatukimbii, nikampita Carla, nikapanda ngazi, nikachukua utepe mwekundu mfukoni na kuufunga kwenye usukani. Rubani alinisaidia kukaza fundo kabla hajajua shaka yangu ni ipi.

Wageni waliingizwa ndani wakapewa kahawa. Tukafungua vifuniko vya juu. Tulitafuta kwa tochi, kwa vioo vya mpini mrefu, kwa kamera ndogo ya waya inayopita kwenye matundu. Hatukuona kitu. Bosi mmoja alianza kusema kwamba pengine soketi imo kwenye mfuko wa suruali iliyokwishafuliwa. Mwingine alitaka Baba Furaha aondolewe uwanjani mara moja.

Nikamwambia Dale, "Akiondoka, haitapatikana. Mikono yake ndiyo iliyokuwa pale."

Dale alifikiri. "Mpandishe," akasema.

Baba Furaha akapanda. Alipiga magoti pale alipokuwa amepiga jana, akalala kwa ubavu wa kushoto, akaomba spana ile ile na kiungo chake cha kurefushia kile kile. Akafumba macho. Nilimwona akifanya kazi yote upya bila nati yoyote: akaingiza mkono, akazungusha, akavuta. Alipofika kwenye kuvuta alisimama. Akarudia. Kiwiko chake kiligonga ukingo wa kifuniko. Akauacha mkono udondoke wenyewe pale ulipotaka kudondokea, nyuma ya bamba ambalo kamera haikuweza kulizunguka, na uso wake ukabadilika.

Aliitoa ikiwa imevaa grisi nene. Grisi ndiyo iliyoishika pembeni; ndiyo maana jana rubani alipouzungusha usukani hakuhisi kitu. Mtetemo wa kwanza wa mapanga ungeiangusha katikati ya fito. Alipangusa kwa kidole gumba, namba ikaonekana. Akaishusha kwangu. Hakuiweka mkononi mwangu. Aliiweka kwenye kifuniko, kati yetu.

Mapanga yalizungushwa siku nyingine. Nilifungua utepe mwenyewe. Carla akauliza, nikajibu, akapanda. Upepo ulilaza nyasi za uwanja mzima, na mimi niliweka kijiti sikioni, ncha nyingine kwenye nguzo ya zege, nikasikiliza kupitia ardhini. Vijana walicheka. Carla aliteremka analia na kucheka, akanikumbatia akanipaka machozi kwenye kola.

Baba Furaha hakuwepo. Walimwondoa alasiri ile ile ya utafutaji. Dale alimtetea kwa kiasi alichoweza. Alimwambia mbele yangu, "Kupoteza tungekusamehe. Sote tumepoteza." Baba Furaha alipanga visahani vyake vya shaba dirishani, kimoja kimoja, kama mtu anayelipa nauli. Nilimfuata hadi kwenye gari.

"Utarudi na nani?" akaniuliza, akiwa ameshafungua mlango wake.

"Nitatafuta."

"Bon," akasema. Akaondoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda nyumbani na mtu mwingine.

Kanisani tulianza kukaa mbali. Wake zetu waliendelea kusalimiana kama watu wanaovuka mto juu ya gogo. Halafu nikasikia wamehamia Buffalo, kwa mdogo wake. Sikwenda kuwaaga. Sikujua ningesimama vipi mlangoni.

Ile helikopta ilifanya mengi. Ilisimama hewani, ilinyanyua uzito ambao sikuamini, ilitua bila kumwumiza mtu. Kisha watu wa mbali waliamua mambo mengine, na sisi tukapelekwa kwenye ndege nyingine. Sasa imeegeshwa mahali, mapanga yake yamekunjwa, na kama bado ina kitu kilichosahaulika ndani yake, basi si zana. Hilo naweza kuapa. Niliendelea na kazi mpaka masikio yalipokataa, la kulia kwanza.

Binti yetu Neema ni muuguzi hapa Buffalo. Alitutaka tukae karibu, tukapata nyumba ya mbao kwenye West Side, yenye sakafu inayolalamika kila chumba kwa sauti yake. Haikupita wiki nikajua kwamba Baba Furaha ana duka Grant Street. Anatengeneza baiskeli na cherehani, anauza masufuria. Majira yote ya baridi nilipita upande wa pili wa barabara, nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Kisha nati ya bomba chini ya sinki la jikoni ikaachia. Nilifunga koki kuu, lakini nayo ni kuukuu na haifungi kabisa. Nikaweka beseni. Neema, kwenye simu, alinijibu kwa Kiingereza kwamba niite fundi bomba. Mama Neema alikuwa anavaa kwenda mazoezi ya kwaya.

"Nenda kwa Baba Furaha, ana spana kubwa," akasema. "Au utanunua mpya ili usimsalimie?"

Nikaenda. Kengele ya mlango ililia, au nadhani ililia. Alikuwa nyuma ya meza, miwani puani, ameinamia gurudumu.

"Baba Neema," akasema bila kuinuka. "Umezeeka."

"Na wewe."

"Mi ninafanana na mzee. Weye unafanana na mgonjwa."

"Sema upande huu. Lile limekufa."

Alihamisha kiti chake, akaja upande wa sikio zima. Tukakaa. Barabarani basi lilisimama likatema watu na theluji.

"Weye unajua," akasema, "mi sikukasirika juu ya kazi. Kazi iko mingi. Nilikasirika hukuniachia. Ungeniacha nifunge ile kitambaa mwenyewe."

"Ungeifunga?"

Alilizungusha gurudumu. Lilizunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Sijue," akasema. "Kila mwaka ninajiuliza. Sijue."

Halafu akauliza ninataka nini, nikamwambia. Akanyoosha mkono ukutani, akanipa spana ya bomba, nzito, yenye meno mazuri. Msumari ulibaki mtupu ukutani. Nilisimama pale. Miaka yote ile haikuniruhusu kuondoka. Nilijipapasa mifukoni, sikuwa na kitu isipokuwa ufunguo wa nyumba, nikauning'iniza kwenye msumari wake. Baba Furaha aliutazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye gurudumu lake.

Nilifika nyumbani na spana ya mtu, nikasimama barazani mbele ya mlango uliofungwa. Mama Neema yuko kwenye kwaya, Neema yuko kazini. Nilizunguka hadi dirisha la jikoni. Nililiona beseni limejaa, maji yakivimba ukingoni. Nikageuka kurudi Grant Street, nikitembea kwa haraka ambayo Dale angenikemea.

Nilimkuta njiani, kwenye kona ya kanisa, amevaa koti lake kubwa na kofia ya sufu, anakuja upande wangu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Nikasema," akaniambia, "huyu atafika kwa mlango njo akumbuke."

Tulikwenda pamoja. Alimwaga beseni, akalala chini ya sinki kwa ubavu wa kushoto. Nilishika tochi. Tulizungumza kuhusu kaka zake, kuhusu goti lake, kuhusu bei ya kitunguu. Alipomaliza kukaza akatoka, akajipangusa, nami nikaweka mkono kwenye koki nifungue maji.

"Ngoja," akasema.

Akapiga magoti tena, polepole kwa sababu ya lile goti. Akaichukua tochi mkononi mwangu, akaitazama spana iliyokuwa sakafuni kando yake. Kisha akaingiza mkono wote chini ya sinki, akafumba macho, akapapasa kutoka ukuta hadi ukuta, nyuma ya bomba, kwenye pembe zote, bila haraka.

"Safi," akasema. "Fungua."